Chumvi ya Salima

Ninyi mnaoanza kazi ya rangi leo, kabla sijawafundisha lolote naomba niwatie hofu kidogo. Aliyenifundisha mimi alinitia hofu siku ya kwanza, na hofu ile imenilisha miaka thelathini na ushei. Fundi wa rangi asiye na wasiwasi ama hajaharibu bado, ama ameshaharibu na hajaona.

Naitwa Anselmi, mtu wa Lionja, Nachingwea. Ujana wangu niliumalizia kiwandani mjini, kwenye chumba cha rangi, mbele ya mashine tuliyoiita jiga. Wengi wenu hamjaiona. Ni hodhi refu la chuma lenye maji ya rangi, na juu yake rola mbili. Kitambaa kinatoka rola hii, kinazama kwenye rangi, kinapanda rola ile. Kikiisha kinarudi kilikotoka. Kila mwendo mmoja tuliuita safari. Basi ni nenda rudi, nenda rudi, mpaka rangi ishike mita zote sawasawa, mwanzo na mwisho, katikati na ukingoni. Ukisimuliwa utadhani ni kazi ya mtoto. Ukiifanya unakosa usingizi.

Hata sasa sijapona. Kanisani wenzangu wakisimama kuimba, mimi nakagua migongo ya wanakwaya. Yuko mama mmoja ambaye joho lake limepauka bega moja, na misa nzima huwa natafuta sababu. Mke wangu hunifinya: "Umekuja kusali au kukagua nguo?" Namwambia nasali, ila macho hayajastaafu.

Aliyenifundisha alikuwa Mzee Ng'itu, Mmwera wa Ruangwa, mfupi, mwenye kucha zenye rangi ambazo sabuni ilikwisha kuzisalimia ikashindwa. Mwezi wangu wa pili aliniachia mashine akaenda kula. Kanuni ilikuwa rangi igawanywe mara mbili: nusu unaitia safari ya kwanza, kitambaa kikigeuka unatia nusu iliyobaki. Mimi nilitaka akirudi akute kazi imekwenda mbio. Nikamimina yote. Kitambaa kilichotangulia kikanywa kikashiba, cha nyuma kikakuta maji ya kunawa.

Mzee Ng'itu hakufoka, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Aliamuru jora lote litandikwe uani, akaniambia nivue viatu nitembee kando yake, nikisome kitambaa kinasema nini.

"Nimeona mzee, kimeharibika."

"Sijakuuliza kama kimeharibika. Nimekuuliza kinasema nini."

Nikatembea juani, wenzangu wakinicheka madirishani. Nilipofika mwisho akaniambia: "Kosa la mtu linasafiri na mashine. Utaliona linaanzia huku linaishia kule, polepole. Lakini doa linalokaa mahali pake, hapa lipo, hatua mbili halipo, hilo kitambaa kimekuja nalo kutoka nje. Usimtukane mtu kabla hujakisoma kitambaa."

Maneno hayo niliyashika, nikawafundisha vijana wengine wengi. Nawaomba nanyi myashike, kwa sababu siku niliyoyahitaji kuliko siku zote niliyasahau, na kuna mama wa Nandagala analipa mpaka leo.

Nilipostaafu nilirudi Lionja kulea mikorosho na mbuzi wachache. Sikukaa sana. Kikundi cha akina mama cha Ruangwa kilipata jiga ndogo iliyochakaa kutoka kiwanda kilichofungwa, na hakuna aliyejua pa kuanzia. Mwenyekiti wao, Bi Somoe, akatuma bodaboda kuja kunichukua. Nilipoiona ile mashine, nakiri, niliishika rola kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

Walikuwa wameiweka kwenye sakafu iliyoinama. Sikuwa na kipimo cha fundi ujenzi, kwa hiyo nilichukua chupa ya maji isiyojaa, nikailaza juu ya rola, nikaangalia povu linakimbilia wapi. Tukasukumia kipande cha bati chini ya mguu mmoja mpaka povu likatulia katikati. Msidharau jambo hili. Rola ikiinama kidogo tu, kitambaa kinajikusanya upande mmoja, na rangi inakuwa nzito ukingoni. Nikawafundisha pia kwamba kitambaa kilicholowa ni mwongo: kata kipande, kikaushe kwa pasi, kipeleke mlangoni kwenye mwanga wa jua, ukilinganishe na kipande kingine mkononi. Usilinganishe na kumbukumbu yako. Kumbukumbu ya rangi ndiyo ya kwanza kuzeeka.

Katika kikundi kile aliyenifurahisha alikuwa Salima, mama wa kama miaka thelathini, mwenye maneno machache. Kazi yake ilikuwa chumvi. Chumvi ndiyo inayoisukuma rangi iingie kwenye nyuzi. Ukiitia yote kwa pamoja, rangi inakurupuka na kushika popote ilipo. Salima aliigawa kwenye mabakuli manne, akaiponda, akaiyeyusha kwa maji ya moto, kisha akaimimina akitembea kando ya hodhi kutoka mwanzo hadi mwisho. Bakuli moja kwa kila safari. Nilitangaza mbele ya wote kwamba mkono ule ni bora kuliko wangu. Nalitaja hili mjue kwamba sikuwa na kisa naye.

Katikati ya mwaka watoto waliingia jandoni. Salima ana mtoto mmoja tu, Shafii, naye alikuwemo. Mjukuu wa Bi Somoe alikuwemo pia. Akina mama wakakubaliana wavae sare moja siku ya watoto kutoka, rangi ya waridi, na rangi hiyo itiwe kwenye mashine yao wenyewe. Hapo nikaanza kuhesabu siku. Kazi ya kiwandani ikiharibika unaomba wiki moja. Watoto hawakai porini kusubiri rangi.

Kuna jambo ambalo nyumbani kwetu linajulikana, ila mimi niliyelelewa misheni nikazeekea mjini nilikuwa nimelisahau kabisa. Wazee wengi wanashika kwamba mtoto akiwa jandoni, wazazi wake wanajizuia kulala pamoja. Mama aliyevunja mwiko huo asitie chumvi kwenye chakula cha watu, kwa maana madhara yatamfika mtoto huko aliko, na kidonda chake hakitapona. Wako wanaoamini na wako wasioamini, lakini hakuna asiyelijua.

Tulikifua kitambaa cheupe, tukakitundika nyuma ya jengo, kwenye kamba zilizopakana na mikorosho ya watu. Jioni kilikuwa bado kina unyevu, tukakiacha. Asubuhi tukakianua kikiwa na umande, tukakiviringisha kwenye rola, tukaanza. Salima akatia chumvi bakuli la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Nilikuwa nimesimama pale pale. Niliona yote manne.

Tulipokitoa kilikuwa na madoa. Madoa meupe-meupe, mengine kama punje, mengine kama kiganja, kama ngozi ya mtu mwenye mapunye. Mita zote zile, siku sita kabla ya watoto kutoka. Akina mama wote wakanigeukia mimi, fundi wa mjini, na mimi nikatafuta mtu wa kumgeukia.

"Nani ametia chumvi?"

"Mimi, babu," akasema Salima.

"Basi umeiharibu nguo ya watu kwa chumvi yako! Umeimwaga yote kwa mara moja ukimbilie nyumbani!"

"Babu, nimetia mara nne. Umeniona."

Nikashangaa kuona akina mama hawaangalii tena kitambaa, wanamwangalia yeye. Salima akafuta mikono kwenye khanga, akachukua ndala zake mlangoni, akatoka.

Bi Somoe ndiye aliyenisindikiza kituoni. Tulipofika akaniambia: "Fundi, leo umesema neno zito."

"Neno gani? Chumvi ikizidi, rangi—"

"Hayo ya chumvi kuzidi ni yenu mafundi. Sisi tumeona mama mwenye mtoto jandoni, chumvi yake imekataa mbele za watu. Na mume wake karudi majuzi tu kutoka machimboni. Watu walikuwa wananong'ona. Sasa wewe mtu mzima umethibitisha."

Safari nzima ya kurudi Lionja sikusikia chochote alichosema dereva.

Nilikuwa na kipande cha kile kitambaa mfukoni. Nilikitandika mezani, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimeshajua. Madoa yalikaa mahali pake. Hapa lipo, pale halipo. Upande mmoja wa kitambaa yalijaa, upande wa pili yalififia. Chumvi ikitiwa vibaya haifanyi hivyo hata siku moja. Ingekuwa chumvi, rangi ingepanda na kushuka kwa urefu wa jora. Uchafu ule ulikuja na kitambaa kutoka nje. Uchafu gani, sikujua bado, lakini Salima hakuwa na kosa, na nililijua hilo usiku ule ule.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo penye aibu yangu. Sikwenda. Nilimwambia mke wangu mguu unauma. Mguu haukuwa na kitu. Nilikuwa naogopa akina mama wale wajue kwamba fundi waliyemtumia bodaboda alimtukana mtu bila kukisoma kitambaa. Siku mbili nilizunguka uani nikikagua mbuzi wasio na tatizo, na kila simu ilipolia nilishtuka. Kati ya siku sita, mimi nilikula mbili.

Asubuhi ya tatu jirani yangu Athumani alikuwa anapulizia mikorosho yake salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, kama kila mwaka majira yale, alfajiri wakati wa umande ili unga ushike majani. Wingu la manjano likavuka ua likatua kwangu. Suruali yangu nyeusi ilikuwa kwenye kamba. Nikaipangusa kwa kidole, kidole kikawa cha manjano. Nikaimwagia maji. Maji yakateleza, hayakuingia.

Nilikaa chini pale pale. Sisi wa huku salfa tunaivuta kuanzia Juni mpaka Agosti, tunaila kwenye ugali, pua zetu zimeacha kuihesabu. Kwenye kitambaa cheupe haionekani kwa macho ya haraka. Nikawasha jiko, nikatafuta vitambaa viwili, kimoja nikakipaka ile salfa, nikavichemsha kwa rangi, chumvi na soda, ile ya kuishikisha rangi, si ya kunywa. Kile chenye salfa kikatoka na madoa yale yale. Unga ule unakataa maji, na ukikutana na soda ya moto unaila rangi. Miaka yangu yote mjini sikuwahi kukutana na jambo hili, kwa sababu mjini hakuna mikorosho nyuma ya chumba cha rangi.

Nilimkuta Salima kwao Nandagala, anapepeta ufuta.

"Shikamoo babu." Hakuacha kupepeta.

"Marahaba mama." Nikamweleza yote, salfa, umande, sufuria. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umekuja kuniambia mimi? Mimi nilijua nimetia mara nne."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimesikia, babu. Lakini hukunisema ndani ya nyumba. Ulinisema mbele za watu." Akaweka ungo chini. "Shafii atapokewa na shangazi yake. Mimi nikae ndani."

"Nani amesema hivyo?"

"Hakuna aliyesema. Wamesema wote."

Siku ya pili yake nilimwomba Bi Somoe awaite akina mama wote, na waume zao. Salima alikuja akakaa pembeni. Nikaweka masufuria mawili uani. Katika la kwanza nikaweka kitambaa safi, nikamwita Salima atie chumvi. La pili nikaweka kitambaa nilichokipitisha chini ya mkorosho uliopuliziwa asubuhi ile, nikamwomba Bi Somoe atie chumvi kwa mkono wake. Alinitazama kwa jicho la kuniuliza kama nimepata wazimu, lakini akatia.

Cha Salima kikatoka sawasawa. Cha mwenyekiti kikatoka na mapunye.

Mama mmoja nyuma akaropoka, "Kumbe na mwenyekiti naye!" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bi Somoe alikiinua kile kitambaa, akakigeuza, naye akacheka mwishowe, ila si sana.

Mimi sikucheka. Nilisema: "Niliona chumvi ikitiwa mara nne. Niliona kwa macho haya. Nilisema uongo kwa hasira na kwa woga, na baada ya kujua nilijificha siku mbili." Kuharibu mita zote zile mbele ya Mzee Ng'itu kulikuwa kwepesi kuliko sentensi ile.

Zilibaki siku mbili. Tulikivua kitambaa rangi kwa dawa, tukakifua kwa sabuni na maji ya moto, tukakikausha ndani ya ukumbi, madirisha yamefungwa, joto la kutoa roho. Waridi haikuwezekana tena, kwa hiyo tukatia rangi nzito inayofunika mabaki, damu ya mzee. Salima alitia chumvi. Alipofika bakuli la nne nadhani hakuna aliyekuwa anapumua, mimi wa kwanza. Tulikitandika uani, nikavua viatu, nikatembea kando yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa sawasawa.

Siku ya watoto kutoka Salima alisimama na wenzake, amevaa sare. Ngoma zilipigwa, watoto wakaja na nguo mpya na miavuli, na Shafii alipomwona mama yake alisahau kwamba ameshakuwa mwanaume akamkimbilia. Nilifurahi mpaka machozi. Lakini macho yangu, kama nilivyowaambia, hayajastaafu. Katika mstari ule wa akina mama, wote bega kwa bega, kati ya Salima na mwenzake palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mmoja. Niliiangalia sherehe nzima. Haikuzibwa.

Kwa hiyo wajukuu zangu wa Ruangwa na Nachingwea, majira ya salfa kausheni ndani. Kabla ya kutia kitambaa kwenye rola, kinyunyizieni maji. Yakiteleza, kifueni upya. Gawanyeni rangi, gawanyeni chumvi, lazeni chupa juu ya rola kila Jumatatu. Haya yote mtayaweza, maana mashine ina uvumilivu, na kitambaa kilichoharibika kina damu ya mzee. Jambo moja sijui namna ya kuwafundisha kulirekebisha.

Masika yaliyopita simu ililia asubuhi. Alikuwa Salima.

"Babu, Shafii ana homa. Hospitali wamesema malaria, ameshaanza dawa."

"Mungu atamponya, mama. Malaria inatibika."

"Najua inatibika." Nikasikia anafunga mlango. "Wameanza tena, babu. Dukani, kisimani. Wanasema ni ile chumvi. Njoo uwaambie tena."

Nilitia vitambaa viwili kwenye mfuko, nikafunga salfa kidogo kwenye karatasi, nikafunga masufuria nyuma ya bodaboda kwa mpira. Kijana wa bodaboda akaniuliza babu leo anakwenda kumpikia nani.

Shafii alipona ndani ya wiki. Tangu hapo ameumwa tumbo mara moja na kuvunjika mkono kwenye mpira mara moja, na nimekwenda mara zote mbili. Mke wangu ameacha kuyarudisha masufuria yale jikoni.